Nimekabidhiwa ubora wa picha idara ya mionzi: nianzie wapi?

*Swali: Shikamoo. Mimi ni mtaalamu wa mionzi katika hospitali moja ya Temeke, nina miaka sita kazini. Inchaji wetu ameniambia kuanzia mwezi ujao nitasimamia ubora wa picha kwa idara nzima: vyumba viwili vya eksirei, CT skani moja na altrasaundi. Maelezo niliyopewa ni kuonyeshwa rejista na kuambiwa iwe inajazwa. Wenzangu wameshaanza kuniita polisi. Kazi hii hasa ni nini, nianzie wapi, na je, sitapoteza mkono wangu wa kupiga picha?*

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kuaminiwa. Nimefanya kazi ya mionzi hapa Dar kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya muda huo nimekuwa kwenye usimamizi wa ubora. Swali lako nalijibu kwa moyo mmoja, maana wengi hukabidhiwa jukumu hili kama ulivyokabidhiwa wewe: daftari mkononi, na maelezo hakuna.

Rejista ijaze, lakini usidhani ukiijaza umemaliza. Kazi uliyopewa ni kujua picha zinarudiwa kwa nini, kisha kuhakikisha sababu hiyo haimkuti mgonjwa wa kesho. Mama aliyekuja na kikohozi, akapigwa kifua mara mbili kwa kuwa sehemu ya chini ya mapafu ilikatwa, amepata mionzi ya ziada ambayo haikumfaa kitu. Naye hajui. Ameambiwa tu "simama tena hapo mama, tumalizie," akatii. Aliyejua ni mmoja wenu, na kumbukumbu pekee iliyobaki ni picha iliyokataliwa ndani ya kompyuta. Kwa hiyo anzia kwenye picha zilizokataliwa, kabla hujagusa kitu kingine.

Mashine nyingi za kidijitali humtaka anayekataa picha achague sababu, na huitunza orodha hiyo. Mwombe fundi wa kampuni inayohudumia mashine zenu akuonyeshe namna ya kuitoa. Mara nyingi inahitaji nywila ya msimamizi. Chukua ya mwezi mzima. Ya wiki moja itakudanganya, kwa sababu kwenye chumba chenye wagonjwa wachache picha tano tu zinaweza kupandisha asilimia ukaogopa bure. Hesabu yenyewe ni nyepesi: picha zilizokataliwa gawa kwa picha zote zilizopigwa, zikiwemo hizo zilizokataliwa, kisha zidisha kwa 100. Tuseme mlipiga 1,200 na 132 zikakataliwa, hapo mko asilimia 11. Chama cha wanafizikia tiba cha Marekani, AAPM, katika mwongozo wake wa mwaka 2015 kilipendekeza lengo la asilimia 8, na mkipita 10 mchunguze kulikoni. Kwa picha za watoto kiliweka 5 na 7. Namba hizo zikupe mwanga tu, usizisome kama sheria.

Na ukikuta mko asilimia 2, usishangilie haraka. Inawezekana kweli mna mikono mizuri. Inawezekana pia picha mbovu zinapelekwa kwa daktari hivyo hivyo, au zinafichwa. Tafuta kwenye mashine mgonjwa aliyesajiliwa kwa jina la "Jaribio" au "Test". Ukimkuta ana picha kumi na mbili za goti, umejua zilizokataliwa zinakwenda wapi. Angalia vilevile ile orodha ya sababu. Ukiona karibu picha zote zimekataliwa kwa sababu moja, na sababu hiyo ndiyo iliyo juu kabisa kwenye orodha, ujue watu wanabonyeza cha kwanza ili waendelee na foleni. Hapo takwimu haina maana yoyote mpaka uzifungue picha zenyewe, moja baada ya nyingine, uandike sababu kwa macho yako.

Zifungue hata kama takwimu inaonekana nzuri, maana picha zitakuambia mambo ambayo jedwali haliwezi. Chukua kifua, kwa kuwa ndicho kipimo kinachopigwa zaidi katika idara nyingi. Utakuta pembe za chini za mapafu zimekatwa kwa wanaume wenye miili mipana, na ukifuatilia utagundua detekta (bamba linalopokea picha) inaachwa imesimama wima kwa kila mgonjwa, mnene na mwembamba. Dawa yake ni maelekezo ya mstari mmoja yaliyobandikwa ukutani: mgonjwa mpana, ilaze. Utakuta mabega yamefunika mapafu kwa sababu mgonjwa hakuambiwa asogeze viwiko mbele. Utakuta pumzi haikutosha, mbavu zinazoonekana juu ya kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, ni chache. Hili la pumzi mara nyingi ni la maneno. Tunasema "vuta pumzi, shika" kwa kasi ya mtu aliyeyasema maneno hayo siku nzima, na mzee wa watu ndiyo kwanza anayasikia. Mfanyishe mazoezi mara moja kabla ya kupiga: avute, atoe, avute tena ashike hapo hapo. Pumzi ya pili huingia zaidi. Sekunde kumi zinazotumika hapo ni chache kuliko za kurudia picha.

Sasa hili la kuitwa polisi, na hapa nakuomba unisikilize sana, kwa kuwa ndipo kazi hii inapofia. Siku utakayosimama kwenye kikao useme "fulani amekataa picha thelathini," takwimu zako zimekwisha. Kuanzia zamu ya usiku huo hakuna picha itakayokataliwa kwa njia halali. Zitafutwa, zitahamishiwa kwa yule mgonjwa wa majaribio, au mbaya zaidi, zitapelekwa kwa daktari bingwa zikiwa mbovu na atazisoma hivyo hivyo. Na anayekataa nyingi huenda ndiye anayepangiwa dharura na wodi ya watoto, au ndiye mwenye jicho kali kuliko wote. Ripoti yako ipange kwa kipimo, kwa chumba na kwa zamu. Jina la mtu libaki kati yako na yeye, mkiwa wawili, mlango umefungwa, na mazungumzo yaanze na "nikusaidie nini?"

Kinachofaa zaidi ni kikao kifupi cha kila wiki, robo saa, kabla foleni haijaanza. Leta picha tatu zilizokataliwa, ziwe zimefutwa jina la mgonjwa na la aliyepiga. Waulize: wewe ungefanyaje hapa? Waache wabishane. Ukiweza, mwombe daktari bingwa wa radiolojia aje hata mara moja kwa mwezi awaeleze kwa nini picha fulani ilimshinda kusoma, na ipi aliikubali ingawa ninyi mngeikataa. Picha nyingi hurudiwa kwa kasoro ndogo ambayo daktari isingemzuia hata kidogo.

Kuna ubovu mwingine ambao hautauona kwenye picha zilizokataliwa, kwa sababu picha zake zinapendeza. Enzi za filamu, ukizidisha mionzi picha ilikuwa nyeusi na kila mtu aliona. Mashine ya kidijitali inasawazisha mwangaza yenyewe. Ukipunguza mionzi, picha inakuja na chenga na daktari analalamika. Ukizidisha, inakuja safi na hakuna anayelalamika. Matokeo yake viwango vya mionzi hupanda taratibu, mwezi hadi mwezi, mpaka mgonjwa mwembamba anapigwa kwa kiwango cha mgonjwa mnene. Kinga yake ipo kwenye kila picha: ile namba ya kupotoka (deviation index), ambayo mashine zinazofuata kiwango cha kimataifa huionyesha pembeni. Sifuri maana yake umegonga lengo. Jumlisha 1 ni mionzi iliyozidi kwa takribani robo, jumlisha 3 ni mara mbili ya lengo, toa 3 ni nusu yake. Chukua picha za kifua za mwezi mzima uone namba hizo zimekaa wapi. Lakini kwanza hakikisha lengo lenyewe liliwekwa kwa kila kipimo. Mashine nyingine huachwa na namba alizokuja nazo fundi siku ya kufunga, na hapo namba ya kupotoka haina cha kukuambia.

Vipimo vya mashine usiviogope. Vingi vya kila siku na kila mwezi vinafanyika bila kifaa cha bei. Nikupe kimoja ufanye wiki yako ya kwanza. Weka detekta mezani, tyubu inayotoa mionzi iwe sentimita 100 juu yake, fungua mwanga wa kolimeta (kile kisanduku kinachobana upana wa mionzi) ufanye mraba wa sentimita 20 kwa 20. Chukua sarafu nane za shilingi mia mbili. Kwenye kila upande wa mraba weka mbili zinazogusana, mpaka wa mwanga upite kati yake, moja iwe ndani na moja nje. Ongeza ya tisa kwenye kona moja, ili baadaye ujue upande upi ni upi. Piga kwa mionzi kidogo, kisha ifungue picha bila kuikata kingo. Mionzi ikifuata mwanga, utaona sarafu za ndani zimekaa ndani ya eneo lililopigwa na za nje ziko nje. Ikiwa mpaka umehama zaidi ya asilimia 2 ya umbali, yaani sentimita 2 kwa umbali huo wa 100, mwite fundi. Kipimo hiki kirudie kila baada ya kubadilishwa balbu ya kolimeta, maana kioo cha ndani husogea wakati wa kufungua na kufunga, na mtaanza kukata viungo huku mkilaumiana kwamba fulani hajui kupanga mgonjwa.

Kwenye CT, siku ianze kwa kupasha tyubu moto na kupiga fantomu ya maji, yaani chombo cha majaribio chenye maji, kabla mgonjwa wa kwanza hajalazwa. Maji yanatakiwa yasome karibu na 0 katika kipimo cha Hounsfield, namba ambazo CT hutumia kuonyesha uzito wa tishu. Mashine nyingi huruhusu kupotoka kwa 4 au 5 juu au chini, fuata kitabu cha mashine yenu. Andika namba halisi. Neno "sawa" kwenye rejista halitakusaidia siku utakapotaka kujua maji yalianza lini kusogea kutoka 1 kwenda 4. Ukiona duara ndani ya duara katikati ya picha, mara nyingi ni detekta zinazohitaji kusawazishwa. Usimpige mgonjwa wa kichwa ukitumaini haitaonekana.

Na hapa kwetu kuna adui asiyetajwa sana kwenye vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi: joto na unyevu wa pwani. Weka kipimajoto na kipimaunyevu ndani ya chumba cha CT na kwenye chumba cha kompyuta zake, na kila asubuhi viandikwe. Kiyoyozi kikizimwa usiku ili kupunguza bili, mashine inaamka kwenye joto ambalo haikupangiwa, na usawazishaji wa jana hauna uhakika tena. Umeme ukikatika na jenereta kushika, rudia fantomu ya maji kabla ya kuendelea, hata kama foleni imefika nje. Miezi ya masika uwe mkali zaidi.

Altrasaundi nitaipitia haraka. Angalia nyaya na uso wa probu, kile kifaa kinachopitishwa mwilini, kama vimepasuka. Kisha paka jeli kidogo, pitisha ncha ya kibanio cha karatasi kilichonyooshwa juu ya probu polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Mahali ambapo mwangwi unapotea, kuna elementi (vipande vidogo vinavyotoa mawimbi ya sauti) zimekufa.

Ubora pia ni kumpiga picha mtu sahihi, upande sahihi. Kwenye benchi la kusubiri hapa Dar unaweza kuwa na akina Juma Hamisi wawili na akina Mwanaidi Salum wawili kwa wakati mmoja. Ukiita "Juma?" watasimama wote; ukimuuliza mmoja "wewe ndiye Juma Hamisi wa picha ya nyonga?" atasema ndiyo kwa heshima tu, kwani daktari hakosolewi, na kwake yeye kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Kwa hiyo asiulizwe swali la ndiyo au hapana. Aulizwe: jina lako kamili nani, umezaliwa lini, umekuja kupigwa picha ya wapi? Majibu yake yalinganishwe na fomu. Kuhusu upande, herufi ya kulia au kushoto ya madini ya risasi iwekwe kwenye detekta kabla ya kupiga. Kuandika kulia au kushoto kwa kompyuta baada ya picha kutoka ni kutegemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka.

Uwe pia na mazoea ya kuuliza kuhusu bahasha. Wagonjwa wetu wanahama kutoka zahanati kwenda Temeke, Amana au Mwananyamala, kisha Muhimbili au Mloganzila, na wengi wanatembea na bahasha ya kaki yenye filamu au na sidii. Wapokezi wako wafundishwe kuuliza: umeshapigwa picha ya sehemu hii hivi karibuni, unayo? Picha ya kifua ni takribani milisiveti 0.02 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), kitu kidogo. CT ya tumbo inaweza kufika 8 au 10, wakati mionzi ya asili ambayo binadamu hupata kwa mwaka mzima ni wastani wa 2.4 duniani. CT iliyorudiwa kwa sababu sidii ilibaki nyumbani Mbagala ni hasara ya mwili na ya mfuko, na picha zile zilizokataliwa hazitakuonyesha hasara hiyo. Na fomu ikija imeandikwa "CT tumbo" tu, bila maelezo ya ugonjwa, piga simu wodini uulize. Ni haki yako kitaaluma.

Upande wa wafanyakazi, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, ndiyo inayotoa leseni, kukagua vyumba na kupima beji za mionzi, zile zinazoonyesha mionzi aliyopata mfanyakazi. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka kwa miaka mitano, bila kupita 50 katika mwaka wowote. Radiografa anayesimama nyuma ya kinga mara nyingi yuko chini sana ya hapo, kwa hiyo beji ya mtu ikirudi na namba kubwa uliza kwanza ilikuwa imetundikwa wapi. Beji iliyosahaulika kwenye aproni ndani ya chumba cha kupigia inapima chumba. Iliyolala kwenye droo haipimi chochote. Majibu yakija usiyafungie kabatini, kila mtu asomewe lake. Dada aliyepata ujauzito ajue kwamba akikuambia mapema atapangiwa kazi salama na hatapoteza nafasi yake. Usiposema hivyo wazi, wataficha. Aproni za risasi zitundikwe, zisikunjwe, na angalau mara moja kwa mwaka zipigwe eksirei zote kutafuta nyufa.

Kama hospitali yenu ina timu ya uboreshaji inayofuata 5S, yaani sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia, jiunge nayo. Bango tayari liko ukutani, na wenzako wa maabara na wodi wameshapitia vikwazo utakavyokutana navyo. Vilevile tafuta QUAADRIL, mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, wa mwaka 2010 wa kukagua idara za radiolojia. Unapatikana bure mtandaoni. Usijaribu kuutekeleza wote. Usome uone idara yako ina mapengo wapi.

Jua na mwisho wa uwezo wako. Kupima usahihi wa kilovolti, kupima dozi ya CT kwa vifaa vyake, kupokea mashine mpya, hizo ni kazi za mwanafizikia tiba. Kazi yako ni kumwita kwa wakati ukiwa na kumbukumbu mkononi, na kukataa kusaini mashine ambayo haijapimwa.

Uliuliza kuhusu mkono wako. Mkono utapotea ukikubali kukaa ofisini wiki nzima, kwa hiyo usikubali. Omba upangiwe zamu za kawaida angalau siku mbili kwa wiki, na mojawapo iwe ya dharura. Mkono utabaki, na wenzako watakusikiliza zaidi wakikuona unahangaika na mgonjwa wa ajali kama wao.

Kabla ya mwezi ujao, nenda kwa inchaji umwombe barua. Iandikwe humo saa zako za kazi hii ni zipi, ripoti yako inakwenda kwa nani, na kwamba una mamlaka ya kusimamisha mashine pale fantomu inapokataa, hadi fundi atakapoirekebisha. Hilo la tatu ndilo atakalosita nalo, kwa sababu mashine ikisimama mapato yanasimama na simu zinaanza kupigwa. Usiondoke ofisini kwake bila hilo kuandikwa.